Barafu Imembeba Verlyn

Shemeji yangu Verlyn Stuhaug alikuwa mtu mnene, na simaanishi mnene wa kufunga mkanda kwa shida. Namaanisha mnene wa kuingia kanisani kiubavu. Alimwoa dada yangu Corrine akiwa tayari na mwili wake, na kila mwaka wa ndoa akauongeza kidogo, mpaka watu wa Harlow wakaacha kumwona mzito na kuanza kumhesabu kuwa mali ya mji. Alicheka mwili wake kabla wewe hujaucheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake, na mimi iliniudhi, maana mtu anayejicheka mbele za watu kila siku hujui akiwa peke yake anafanya nini.

Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji barabarani, kazi ya kukaa. Lakini siku yake kubwa ilikuwa moja tu kwa mwaka, na ilifanyika mbele ya duka langu. Mimi nauza chambo pale magari yanaposhukia ziwani. Kila Desemba, ziwa likishaganda kiasi cha kutia tamaa, wanaume hujazana mlangoni kwangu, wananywa kahawa yangu ya bure na kubishana. Kila mmoja ana mtaimbo wa kugongea barafu, kila mmoja ana keekee ya kuitobolea apime unene wake, na kila mmoja ana maoni. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuingiza pikipiki yake ya theluji humo kabla Verlyn hajatembea kwa miguu mpaka kwenye mlingoti mwekundu uliosimama mbali ziwani na kurudi. Ilianza kwa utani wa mlevi mmoja: ikimbeba Verlyn, itatubeba sote. Utani ukawa desturi, na desturi ikawa sheria, kiasi kwamba keekee zilibaki zimefungwa kwenye magari.

Akirudi salama, Leland Kivela hupanda juu ya kreti na kupiga ukelele: "Imembeba!" Injini zinawaka, vibanda vya kuvulia vinaburutwa juu ya barafu, na msimu wa kuvua umefunguliwa. Leland alikuwa rafiki wa Verlyn tangu darasa la kwanza, fundi wa boti, mgane, naye mwenye tumbo lake la kutosha ingawa si la kushindana. Baada ya ukelele yeye ndiye huwa wa kwanza kuingia na pikipiki. Siku hiyo Verlyn hutembea kifua mbele, na mimi nilijua kwa nini. Ilikuwa siku pekee ambayo mwili wake ulimfaa mtu.

Kisha daktari akamwambia habari za sukari na za moyo, na hakumwambia kwa utani. Verlyn alikuwa na ratili mia tatu na sitini. Akaanza sindano ya kila wiki, ile ya kushusha sukari na kukata hamu ya kula, akaacha vitafunio vya garini, na kila asubuhi akawa anazunguka ukumbi wa michezo wa shule kabla watoto hawajafika. Sitawachosha na hesabu ya siku. Mwaka ulipopita na kidogo juu yake, ratili mia na arobaini zilikuwa zimeondoka, na suruali zake Corrine alizikata akatengenezea vifuniko vya injini.

Daktari alimwahidi magoti mepesi na usingizi mzuri. Hakumwambia kuhusu baridi. Yule Verlyn aliyevaa kaptula mpaka Oktoba sasa alikaa dukani kwangu mwezi wa nane na sweta mbili, kashika kikombe cha chai kwa mikono yote, anatetemeka. Hakumwambia kuhusu mifupa pia. Viti vya kanisa alivyokuwa amevikalia maisha yake yote sasa vilimuuma matakoni, akawa anakuja ibadani na mto. Pete ya ndoa ilimtoka akichota samaki wadogo wa chambo kwenye tangi langu, nikashinda nusu siku nikiipekua na chujio. Na koromo lake, lililokuwa likitikisa madirisha, likanyamaza. Mngedhani Corrine atashukuru.

"Silali, Ardis," aliniambia dada yangu, macho mekundu. "Nashtuka nampiga kibao nione kama anapumua. Jana kaniuliza kama nina ugomvi naye."

Lakini la ajabu kuliko yote lilikuwa kichwani. Mwili ulikonda, kichwa kikabaki kinene. Aliendelea kupita mlangoni kiubavu. Akifika mahali alitafuta kwanza kiti kisicho na mikono. Dukani alinyoosha mkono kwenye shati kubwa kuliko yote, Corrine akawa anamrudisha kwenye mstari mwingine. Nilimwona mara moja amesimama mbele ya kioo cha friji yangu ya vinywaji, anasogea ili ampishe mtu aliyekuwa nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Alikuwa anajipisha mwenyewe.

Na watu je? Watu ndio waliofanya nikasirike.

Walipomwona mara ya kwanza walimsifu. Walipoona haishi kupungua walinyamaza, na hapa kwetu watu wakinyamaza ujue wameanza kupika. Jumapili moja Mchungaji Solveig akasoma majina ya wagonjwa wa kuombewa, na katikati ya bibi aliyevunjika nyonga na mtoto wa pumu tukasikia, "na ndugu yetu Verlyn." Verlyn aliinua macho kama aliyeitwa na mwalimu. Jioni hiyo hiyo mabakuli ya oveni yakaanza kufika kwa Corrine, viazi na nyama ya kusaga na supu ya uyoga juu yake, kila bakuli na jina la mwenyewe limebandikwa chini ili lirudishwe baada ya mazishi.

"Sifi!" Verlyn alimwambia mama mmoja mlangoni.

"Ndiyo, mwanangu," mama akajibu, akimpapasa shavu. "Kula tu upate nguvu."

Kwenye mji mkubwa wa jirani ilikuwa kinyume. Huko alikuwa akienda kununua vipuri miaka yote na wauzaji walimpita kwa macho utadhani ni nguzo. Sasa walimfungulia mlango, wakamwita bwana, msichana mmoja akamuuliza kama amepata anachotafuta. Alirudi amenuna. "Ni duka lile lile, shemeji," aliniambia. "Ni mimi yule yule. Kwani zamani mimi nilikuwa nani?" Nikampa kahawa.

Yote hayo angeyabeba. Kilichomshinda ni Leland.

Ijumaa kwetu ni siku ya samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, na kwa miaka yote meza ya pembeni ilikuwa ya hao wawili. Leland akaanza kuchelewa. Kisha akaanza kukaa kaunta, mgongo umewaelekea watu. Mimi nilikuwepo Ijumaa ile Verlyn alipochukua sahani yake akamfuata.

"Hapa pana mtu?" Verlyn akauliza.

"Kiti ni cha watu wote."

"Mbona hunipigii simu siku hizi?"

"Hata yako inapiga."

"Leland, bwana, nimekukosea nini?"

Leland aliitazama sahani ya rafiki yake. Ilikuwa na vipande viwili vya samaki na kabichi. "Hicho ndicho unachokiita kula?"

"Nimeshiba, ndugu yangu."

"Umeshiba." Leland alilitema neno hilo, akachukua koti lake na kutoka, samaki wake mwenyewe hajamgusa. Ukumbi mzima ulijifanya unatazama mpira kwenye televisheni.

Nilimrudisha Verlyn nyumbani kwa gari langu. Njiani akasema, "Nadhani walimpenda yule mwingine, Ardis. Yule mnene. Mimi naona ni mgeni niliyevaa jina lake." Nilimwambia aache upuuzi. Akafuta kioo kilichojaa ukungu kwa mkono wa sweta. "Haidhuru. Siku ya barafu Leland lazima aje. Yeye ndiye mpiga ukelele. Akiniona pale kwenye mlingoti atanijua."

Basi siku ya barafu ilikuwa na kazi mbili mwaka huo, na moja kati ya hizo hakuna aliyeijua isipokuwa sisi wawili.

Ilikuwa Jumamosi, jua kali lisilo na joto. Ziwa lilikuwa jeusi, zuri, limenyooka. Wanaume walikuja kama kawaida, na kahawa ikaisha kama kawaida. Leland alikuja mwisho, akaegesha mbali, akasimama peke yake kando ya pikipiki yake na mikono mifukoni. Verlyn alimpungia. Leland akainua kidevu kidogo tu. Kwa Verlyn hiyo ilitosha. Alivaa shingoni misumari ya kujivutia mtu akitumbukia, akachukua mtaimbo, akashuka barafuni kifua mbele.

Alitembea kama alivyotembea siku zote, hatua pana na nzito za mtu mwenye ratili mia tatu na sitini. Akigonga, akisikiliza, akisogea. Barafu ilinung'unika mara mbili tatu, na sisi tukatikisa vichwa kwa furaha, maana tulijua hata barafu nzuri hunung'unika. Alifika kwenye mlingoti, akaugonga, akageuka. Alipokanyaga nchi kavu uso ulikuwa unang'aa. Mwaka mzima sikuwa nimemwona hivyo.

Leland akapanda kreti. Hakupiga ukelele, alisema tu, "Imembeba," sauti ya chini, wala hakumtazama. Lakini desturi ni desturi. Akawasha pikipiki yake na kuingia, sleji ya vifaa ikimfuata.

Alikuwa amefika nusu ya njia ya mlingoti. Pua ya pikipiki iliinama taratibu, barafu ikafunguka pande zote mbili, na vyote vikaenda, pikipiki, sleji na Leland. Kisha kofia yake ikatokea, kisha uso, kisha mikono miwili iliyokuwa inashika ukingo na ukingo unavunjika.

Wanaume wanne walikimbilia barafuni wakarudi haraka zaidi, kwa sababu ilianza kupasuka chini yao. Na hapo, tukiwa tumesimama na vikombe mikononi, ujinga wetu ukatujia sote kwa pamoja. Mizani yetu ilikuwa imepungua ratili mia na arobaini. Tulikuwa tumeiombea, tumeipikia viazi, tumeisema kila siku mwaka mzima, na asubuhi ile hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Barafu ilikuwa imembeba Verlyn, ndiyo. Kwa sasa hilo halikuwa na maana yoyote.

Nilimtazama Verlyn. Alikuwa ameduwaa, anajitazama tumboni.

"Kamba!" nikapiga kelele. "Jamani, kamba!"

Kamba ilikuwa kwenye gari langu, nikakimbia kuitoa. Verlyn aliinyakua mkononi mwangu, akafunga kitanzi upande mmoja, akakivaa begani. Mtu mmoja akamshika mkono: "Verlyn, huwezi, wewe ni mzi—" Akakatiza mwenyewe. Wakatazamana. Verlyn akalala kifudifudi juu ya barafu, akaanza kutambaa.

Alitambaa kama mtoto, tumbo chini, miguu imetanuka, akijivuta kwa ile misumari. Maji yalikuwa yakipanda juu ya barafu na kulowesha kifua chake. Yule mtu aliyekuwa akitetemeka Agosti! Tulisikia yote, maana sauti juu ya ziwa husafiri.

"Rudi, mpumbavu wewe!" Leland alikuwa akipiga kelele, meno yakigongana. "Rudi! Utaniangukia!"

"Nyamaza, nakuja."

"Itakuvunjikia! Verlyn! Unene wote huo—"

"Mimi si mnene tena, Leland!" Alisema kwa mshangao, kama mtu aliyekuwa hajaambiwa. Akasema tena, polepole. "Mimi si mnene."

Akamfikia. Akampitishia kitanzi kichwani na chini ya makwapa, vidole vimekufa ganzi, akisaidia kwa meno. Kisha akamshika kola kwa mikono yote miwili. Huku nchi kavu nilikuwa nimekwisha kufunga ncha nyingine nyuma ya gari, nikalisogeza mbele pole, pole, nikiomba kwa maneno ambayo Mchungaji Solveig asingeyapenda. Leland alipanda juu ya ukingo ukavunjika, akapanda tena ukavunjika, mara ya tatu ukamshika. Verlyn hakumwachia. Walifika kwangu wamelala kifudifudi wote wawili, wamefungana kama mizigo, na wanaume wakubwa waliokuwa pale wakalia bila haya.

Leland alilazwa hospitali usiku mmoja ili apashwe joto. Verlyn alipewa blanketi na supu akaambiwa arudi nyumbani. Kesho yake mchana nilimpeleka kumwona mwenzake, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haifungi vizuri kwenye usukani. 

"Nitazirudisha," akasema njiani.

"Utarudisha nini?"

"Ratili. Zote. Nimemtumbukiza mtu ziwani, Ardis. Nilisimama pale nikajiona yule yule. Mji ulikuwa unanitegemea kwa jambo moja tu, nami nimeliharibu."

"Wewe, nisikilize!" Nilisimamisha gari kando, maana nikikasirika siendeshi vizuri. "Keekee zilikuwa wapi? Kila mmoja wao anayo. Watu wazima wenye akili wameacha kupima barafu miaka ishirini kwa sababu ya uvivu na utani, halafu kosa ni la tumbo lako? Ukirudisha hata ratili moja nitakunyima chambo. Na kama ungekuwa na zile za zamani jana, nani angemfikia?"

Nikaendesha.

Leland alikuwa amekaa kitandani na mablanketi mpaka kidevuni, mwekundu, hasira zimerudi mahali pake. Kwa mtu kama yeye hiyo ni dalili ya afya.

"Pikipiki yangu iko chini ya ziwa," akasema.

"Najua," Verlyn akasema. "Nisamehe."

"Ilikuwa mbovu. Kaa."

Verlyn akatafuta kiti kisicho na mikono, akakumbuka, akakaa kwenye kile kilichokuwa karibu. Wote wawili wakatazama dirishani. Mimi nilisimama mlangoni, nikijifanya nasoma tangazo la kunawa mikono.

"Bernice alianza hivyo hivyo," Leland akasema ghafla. Bernice ni mkewe, aliyefariki. "Kwanza shingo. Kola zikaanza kumpwaya. Kila mtu akamwambia amependeza. Mimi pia nilimwambia amependeza, Verlyn. Nilimnunulia gauni." Akafuta pua kwa blanketi. "Halafu naona na wewe shingo inaisha. Unasema umeshiba. Yeye pia alisema ameshiba. Nikajua unanificha. Nikasema sitakaa tena mezani kumtazama mtu anaisha. Siwezi mara mbili."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungesema sindano."

"Ni sindano kweli, bwana! Ni sukari! Nilikuambia!"

"Watu husema mambo." Leland alimgeukia, na kwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima akamtazama usoni, pale ngozi ilipolegea chini ya kidevu, kisha mabegani, kisha mikononi. "Lakini jana umenishika kola ukanivuta na maji yangu yote na mabuti yangu yote, na hukuachia. Nilikuwa nakusikia unahema. Mtu anayekufa hahemi vile. Mtu anayekufa hana mkono ule."

"Sifi, Leland."

"Hufi?"

"Ipo siku. Lakini si kwa hili."

Leland akaitikia kwa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo wanaume wa kwetu hulifanya makaburini tu. Alitupa mablanketi, akainama mbele, akamkumbatia. Nikaona viganja vyake vinapapasa mgongoni kwa Verlyn, vinatafutana, vinakutana, na vidole vinashikana. Akabaki hivyo ameshikilia.

"Ala," akasema kwa sauti nzito begani kwa mwenzake. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nakukumbatia nusu."

Verlyn alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, na hakujaribu kukificha kilio kwa utani. Mimi nilitoka nikaenda kupasha gari moto.